Kambi ya Nairobi

Jumapili, 9 Machi

Nimeamua. Likizo ya Juni nawapeleka watoto Nairobi. Siku chache tu, kwa basi, kulala gesti ya bei ya chini, na kula tutakula kama watu wanaojua bei ya unga. Daftari hili nimelinunua kwa ajili ya mipango ya safari, lakini najijua, nikikasirika kalamu haitulii, kwa hiyo huenda nikaandika na mengine.

Wazo lilinijia kibandani. Nauza chakula kule Mtumba, hapa Dodoma, jirani na majengo ya wizara, na wateja wangu wakishaanza kula hawakumbuki kwamba nina masikio. Juzi mama mmoja alikuwa anamwonyesha mwenzake picha za wanawe wakiwa Dubai. Alipomaliza supu yake akanigeukia, akaniuliza wangu huwa wanakwenda wapi likizo. Nikasema kwa bibi yao, kijijini. "Safi sana," akaniambia, kwa sauti ile ya kumsifia mtoto aliyejifunga viatu mwenyewe. Nilichemka mpaka jioni, na chapati zangu za siku hiyo ziliungua.

Jumapili, 16 Machi

Nimewaambia watoto. Nilidhani wataruka juu. Emilia, aliye kidato cha nne na anayejiona mtu mzima, akasema afadhali Kigali, Nairobi kila mtu amekwenda. Nikamuuliza kila mtu nani. Damas, wa kidato cha pili, alitaka kujua kama tutapanda ndege. Nikamwambia tukipanda ndege tutafika uwanjani Nairobi, tupige picha, tugeuze, maana hela ya kutoka pale hatutakuwa nayo. Basi wakabishana juu ya nani atakaa dirishani, nikajua wamekubali.

Halafu Emilia akauliza: na Bibi je?

Bibi ni mama mzazi wa marehemu mume wangu, Lameck. Anaishi mbele ya Buigiri, peke yake. Lameck alikuwa mwanawe pekee, na hawa wawili ndio wajukuu wake wote duniani. Kila Juni wanakwenda kumvunia mtama na uwele, wanarudi wakiwa weusi, wamekonda, na wana furaha isiyo na sababu. Nikamjibu Emilia kwamba mwaka mmoja haumuui mtu, Bibi atapata vibarua.

Kuna kitu sikumwambia Emilia na nakiandika hapa. Wakirudi kutoka kule wanazungumza Kigogo. Mimi ni mtu wa Bukoba, miaka yote hii Kigogo changu kinaishia kwenye "mbukwa" ya kuamkiana. Wanacheka wenyewe mezani, nikiuliza mnacheka nini wananiambia, "Mama, ukiitafsiri haichekeshi." Nataka kitu kimoja ambacho tutakicheka sisi watatu. Basi, ni hicho tu nakitaka, wala si Nairobi.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua. Matope mpaka kwenye masufuria.

Alhamisi, 3 Aprili

Hati za kusafiria za watoto. Foleni, picha, vyeti vya kuzaliwa. Wakataka na cheti cha kifo cha baba yao. Nilikuwa nimekwenda nacho, nikakitoa kwa macho makavu kabisa. Yule binti wa dirishani akakisoma, akasema pole mama, na mimi ndipo machozi yakaja, mbele ya watu, kama vile amefariki leo asubuhi. Damas akanishika bega. Nilimwambia aache, watu wanatuangalia, na sasa hivi najuta kumwambia hivyo.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka tulikuwa kwa Bibi. Mvua za mwaka huu zimempenda, mtama umesimama unamfunika Damas. Bibi alitutembeza shamba lote, huku akiwacheka wajukuu kwamba safari hii hakuna kukimbilia kivulini, watavuna mpaka waombe shule ifunguliwe. Jirani yake, mzee Matonya, akaja akasema ana vijana wanaotafuta kazi ya kuvuna, wanalipwa kwa mtama wenyewe, hawataki fedha. Bibi akamshukuru, akamwambia awapeleke kwingine. "Mimi vibarua wangu ndio hawa," akasema, na akawapiga piga mgongoni wote wawili.

Nilikuwa nimekaa hapo hapo kwenye kigoda. Emilia aliniangalia. Nikainamia mboga niliyokuwa nachambua.

Lakini ningesemaje? Sisi safari hatuitangazi. Huko kwetu Bukoba ni hivyo, na hapa Dodoma ni hivyo hivyo. Mtu anaondoka kimya, majirani wanamwona amerudi na mkate wa safari, ndiyo wanajua alisafiri. Na Bibi hana siri, mdomo wake ni kipaza sauti cha kanisa. Lameck alipopata kazi ya udereva Lusaka, mama yake alichinja mbuzi, akaita kijiji kizima, mchungaji akaombea safari mara mbili. Lameck hakufika hata mpakani, alifia njiani. Sisemi kwamba kuna aliyemfanyia kitu. Nasema tu kwamba tangu siku ile mambo yangu nayafanya kimya.

Jumapili, 11 Mei

Nimempigia Bibi. Nilijipanga tangu asubuhi nitakavyosema, nikasema. Shule imeweka kambi ya masomo, madarasa ya mtihani yote mawili, wanalala hukohuko, hawaruhusiwi kutoka mpaka Julai.

Nikadhani atalalamika, na nilikuwa nimeandaa majibu. Akauliza, "Watakula nini huko?"

Nikacheka, nikamwambia shule inapika. Akasema anajua, inapika maharage, na Damas maharage yanamsumbua tumbo tangu mdogo. Nikamwambia Damas amekua. Akasema haya mwanangu, elimu ni muhimu, baba yao angependa. Niliweka simu mezani nikajiambia imekwisha, na ilikuwa rahisi.

Jumamosi, 24 Mei

Upepo umeanza. Chanjo ya homa ya manjano tumechoma, Damas amelia kama mtoto wa chekechea na ananitisha nisimwambie mtu. Gesti nimepata kupitia mama mmoja wa kikoba chetu cha kuweka akiba, Mmeru, ambaye dada yake anaishi Nairobi. Vyumba viwili, maji ya moto, chai ya asubuhi. Nimewaambia watoto sheria zangu: hakuna kuagiza kitu kabla ya kuuliza bei, hakuna picha mtandaoni mpaka turudi, na mikate tunabeba.

Bibi amepiga jioni kuwatakia heri ya kambi. Nikampa Damas simu. Amedanganya vizuri mno, mpaka akataja somo la fizikia. Kisha Bibi akamwomba Emilia. Emilia akatikisa kichwa. Nikasema anaoga.

Nilipokata simu nilimwuliza ana nini. Nilikuwa tayari kwa ukali, maana binti huyu siku hizi ana shingo ngumu. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Mama, safari tunawaficha majirani. Bibi ni jirani?"

Nikamwambia akaoshe vyombo. Vyombo vilikuwa vimeoshwa.

Ijumaa, 6 Juni

Shule zimefungwa. Baridi na vumbi. Kibanda nimekifunga nikawaambia wateja nina shughuli ya familia.

Jumanne, 10 Juni

Tumelala Arusha. Damas ametapika Kondoa na akatapika Babati, na Emilia amekaa dirishani njia nzima kama alivyotaka.

Jumatano, 11 Juni

Nairobi. Mpakani Namanga walituuliza maswali machache kuliko mwenye gesti. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno. Nimezima laini yangu ili isinikombe hela, nimenunua ya Kenya. Watu wanatembea kama kuna mtu anawakimbiza. Kiswahili chetu kinawachekesha, wanatuita wapole.

Alhamisi, 12 Juni

Leo tumecheka watatu. Tulikuwa kwenye jengo kubwa la maduka, lile lenye ngazi zinazojiendesha. Mimi nikaogopa kuikanyaga. Damas akanishika mkono wa kulia, Emilia wa kushoto, wakahesabu, nikaruka, kandambili moja ikabaki chini. Tulifika juu nikiwa na mguu mmoja peku, na mzungu mmoja akaileta ile kandambili ameishika kwa vidole viwili. Emilia alicheka mpaka akakaa sakafuni. Tuliporudi gesti Damas aliigiza mzungu, tukaanza upya. Nimelala na mbavu zinauma. Ni hiki nilichokitaka, na nimekipata.

Jumamosi, 14 Juni

Tumerudi. Lazima niandike.

Teksi ilitushusha mbele ya duka la Tahira, anayetazamana na nyumba yangu hapa Ipagala. Mama Hanif, ndivyo tunavyomwita, amezaliwa mji huu na baba yake alizaliwa mji huu, na hajawahi kunipokea bila utani. Leo alitoka nje ya duka, akawahesabu watoto kwa macho. Hakunipa salamu. "Mama Emilia, umenikosea," akasema.

Bibi alikuja juzi, Alhamisi. Alitoka kijijini na kapu, akaenda moja kwa moja shuleni kuwapelekea wajukuu chakula cha kambini. Mlinzi akamwambia hakuna kambi, shule imefungwa, hakuna mwanafunzi hata mmoja. Akamwambia mlinzi amekosea. Wakazunguka wote wawili mabweni, mlinzi akamfungulia milango aone mwenyewe. Akanipigia simu. Sipatikani. Akaomba watu waendelee kunipigia, sipatikani. Akaja hapa nyumbani, akakuta kufuli. Akavuka barabara akamuuliza Tahira, na Tahira, ambaye sikumwambia kitu, akabahatisha, akasema labda tumepata msiba Bukoba tukaondoka ghafla. Anasema ni hapo Bibi alipokaa chini, pale pale kwenye ngazi ya duka, akaanza kuuliza msiba wa nani. Wa nani? Alikuwa anarudia hilo hilo. Alikaa mpaka jua likaelekea kuzama, kila mara akimwomba Hanif anipigie tena. Mume wa Tahira ndiye aliyempeleka Buigiri kwa gari lake.

Tahira akaingia ndani, akarudi na kapu. Kuku alikuwa kamtia kwenye friji asiharibike. Kulikuwa na karanga za kukaanga, ubuyu, na chupa ya samli. "Alisema yule mdogo maharage yanamdhuru," Tahira akaniambia, na akarudi dukani kwake.

Niliwasha laini yangu nikiwa bado barabarani. Nikampigia Bibi, akapokea papo hapo. Nikasema mama, ni mimi, tuko salama wote. Nilimsikia akivuta pumzi. Akasema asante Mungu, akakata. Damas hajala. Emilia hajanisemesha wala hajaninunia, anapita tu mbele yangu kama mtu aliyepanga chumba.

Jumapili, 15 Juni

Tumekwenda wote watatu. Nilitaka kwenda peke yangu, Emilia akasema hapana, na mimi leo sina mdomo wa kumkatalia.

Mzee Matonya alitukuta njiani kabla hatujafika. Alituamkia, tukaitikia, kisha akatuambia ili tusije tukashtuka. Shamba la Bibi limeliwa. Kijiji kizima kilishavuna, na watu wakishavuna ng'ombe wanaachiwa waingie kula mabua, ni desturi yao tangu zamani. Shamba la Bibi pekee lilikuwa bado, kwa sababu anavuna mwenyewe kidogo kidogo, na kila siku alikuwa anashinda humo na fimbo kulilinda. Alhamisi hakuwepo. Matonya mwenyewe alikuwa mnadani. Kundi limeingia asubuhi, limetoka jioni, na ng'ombe wa nani hakuna anayesema. Matonya akaongeza kwamba wale vijana wake wangemaliza kuvuna tangu Mei, ila Bibi alipokuja kuwaomba walikuwa wameshachukuliwa kwingine, kisha akaona uso wangu, akaniambia pole.

Bibi alikuwa uani anapepeta kidogo alichokuwa ameshavuna. Aliinuka. Hakuja kwangu, alikwenda kwa watoto, akawashika kichwa, mabega, mikono, kama mtu anayenunua. Damas akaanza kulia kwa kwikwi. Akamwambia nyamaza, mwanaume. Yeye mwenyewe hakulia.

Nikapiga magoti nikasema shikamoo mama. Akaitikia marahaba. Nikamwambia ukweli wote hapo chini: hakuna kambi, tulikuwa Nairobi, kutembea tu, na simu nilizima mwenyewe.

"Simu ya baba yao nayo ilikuwa hivyo hivyo," akasema. "Haipatikani, haipatikani. Nikajua."

Nilimwomba msamaha. Nilitaka anitukane. Nilitaka aniambie mimi ni mwanamke wa namna gani, anifukuze, aniite mchawi, niwe na cha kubeba. Akaniinua kwa kiwiko, akaniuliza Nairobi ni kuzuri? Nikasema kuzuri mama. Akasema, "Ungeniambia tu tangu Pasaka, mwanangu. Ningewapa vijana wa Matonya wavune, nyie mngekwenda." Kisha akamwita Emilia amletee mama yake maji ya kunywa, mama yako ametoka mbali.

Shuka nililomletea kutoka Nairobi alilishukuru, akalikunja, akaliweka juu ya kitanda bila kulifungua. Nilikwenda shambani. Mabua yamelala chini, suke moja moja limebaki pembeni kwenye miiba ambako ng'ombe hawakufika. Emilia na Damas walikuwa tayari wanaokota.

Jumatatu, 16 Juni

Watoto wamebaki kwa Bibi. Nyumba kimya, nimepika ugali wa watu watatu.

Jumatano, 25 Juni

Nauza chakula sina hamu. Yule mama wa Dubai ameniuliza likizo inaendaje. Nikamwambia watoto wako kwa bibi yao, na nilivyolisema akaacha kula akaniangalia.

Nimekuwa nikijitetea kichwani, siku nzima, mbele ya sufuria. Kwamba sikumwibia mtu. Kwamba kila mtu huficha safari yake. Nikifika kwenye Bibi akiwa ngazini anauliza msiba wa nani, utetezi unakwisha, naanza tena mwanzo. Na ninachojutia zaidi, ni aibu kukiandika, ni kwamba saa ile ile tulikuwa tunacheka. Nikijaribu kukumbuka ile kandambili sasa hivi, siwezi tena.

Jumapili, 6 Julai

Nimewafuata. Nilipeleka magunia ya mtama wa kununua. Bibi akashukuru sana, akamwita Matonya wasaidiane kuyapokea, na sikuona kosa lolote katika namna alivyonipokea. Hilo ndilo linanitisha. Zamani alikuwa ananigombeza, kwamba nimekonda, kwamba natia chumvi nyingi, kwamba simpigii. Mdomo ule niliouita kipaza sauti sasa unaniambia asante na karibu tena, kama mgeni wa kanisani.

Watoto walikuwa jikoni wanacheka na Kigogo chao. Nilipoingia wakahamia Kiswahili, kwa adabu. Niliwaomba waendelee, wakaniambia walikuwa wamemaliza.

Wakati wa kuaga nilimwahidi Bibi, mbele ya watoto, kwamba kuanzia sasa kila Jumamosi watakuja, hawatakosa hata moja. Akasema haya.

Jumamosi, 12 Julai

Wamekwenda, wamerudi. Emilia ameniletea mlenda uliokaushwa, amesema Bibi kanitumia salamu. Nimeula wote.

Ijumaa, 18 Julai

Emilia amerudi na tangazo la shule. Kidato cha nne wote wanaingia kambini Jumapili hii, kulala hukohuko, Jumamosi na Jumapili hawatoki, mpaka mtihani wa Novemba. Na wa kidato cha pili wana masomo ya ziada kila Jumamosi. Alinisomea amesimama, kisha akakaa. Tukaangaliana. "Mama," akasema, "utamwambiaje?"

Jumapili, 20 Julai

Nimempeleka Emilia shuleni na godoro lake. Mlinzi alinitambua ni nani, au nilidhani tu. Kabla hajaingia nilimwomba ampigie Bibi yeye mwenyewe, akasema, "Uliyeahidi ni wewe." Alisema kwa upole, na ni kweli.

Nilikaa kwenye ukuta wa nje, nikapiga. Nikamwamkia, nikamwuliza mgongo wake unaendeleaje. Kisha nikamweleza yote taratibu: mkuu wa shule, tangazo, magodoro, masomo ya Damas, mtihani wa Novemba. Nikamwambia mama, nakuapia, mara hii ni kweli, nipo hapa getini, naweza kukuitia mwalimu uzungumze naye. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza hata mara moja.

"Usimsumbue mwalimu," akasema. "Haya, mwanangu. Nitawaombea. Mfike salama."